Casino Royale ya 1967: Waongozaji Watano, Filamu Moja

Aprili 1967, majumba ya sinema ya London yalianza kuonyesha Casino Royale, filamu ya vichekesho inayomkejeli jasusi James Bond. Waongozaji waliotajwa ni watano: John Huston, Ken Hughes, Val Guest, Robert Parrish na Joe McGrath. Wa sita, Richard Talmadge, hakuandikwa.

Mtayarishaji wake, Charles K. Feldman, alikuwa wakala wa nyota wa Hollywood kabla ya kuanza kutengeneza filamu. Haki za riwaya yenye jina hilo, ya kwanza ya Bond, iliyotoka 1953, alizinunua kwa mjane wa Gregory Ratoff, aliyekuwa nazo awali. Karibu riwaya nyingine zote za Bond zilikuwa mikononi mwa watayarishaji Albert Broccoli na Harry Saltzman, pamoja na Sean Connery, mwigizaji wa Bond mwenyewe. Feldman alijaribu kushirikiana nao, wasielewane. Ndipo akaamua kuigeuza hadithi iwe kichekesho, na kwa maoni yangu hapo hakukosea hata kidogo.

Alikosea alipoigawa kazi vipande. Kila mwongozaji alipewa sehemu yake na waigizaji wake, katika studio tofauti, huku hati ikiandikwa upya kila mara. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini hawa hata chombo kimoja hawakupanda.

Peter Sellers, aliyemwigiza Evelyn Tremble, hakupatana na Orson Welles, aliyemwigiza mpinzani wake, Le Chiffre. Itazame meza yao ya karata: sehemu kubwa ya pambano hilo ilipigwa wawili hao wakiwa mbalimbali, kwa sababu Sellers alikataa kukaa na mwenzake. Welles anafanya mazingaombwe, Sellers anajibu, na macho yao hayakutani. Kisha Sellers akaondoka kabla ya kumaliza sehemu yake. Ndiyo maana mwenzake Vesper (Ursula Andress) anapotekwa nje ya kasino, Tremble anatoka mbio kumfuata, na ghafla tunamwona ameshakamatwa na kufungwa kwenye kiti. Alikamatwaje? Filamu haisemi.

Guest ndiye aliyeachiwa kuunganisha mabaki hayo, akitumia maonyesho ya David Niven na Andress kuziba mapengo. Alipotakiwa atajwe kama mratibu wa waongozaji wote, alikataa. Namwelewa kabisa.

Gharama zilipanda kutoka takriban dola milioni 6 hadi 12. Hata hivyo watazamaji walijaa, na muziki wa Burt Bacharach ungali unapendwa. Wimbo alioimba Dusty Springfield ulipendekezwa kuwania Oscar. Vipaji havikupungua humo, wala fedha. Alikosekana mtu mmoja mwenye hadithi nzima kichwani, na Feldman, aliyefariki 1968, hakuwahi kumtafuta.

Riwaya hiyo ilirudi kwenye sinema mwaka 2006, Daniel Craig akiwa Bond, chini ya mwongozaji mmoja, Martin Campbell.