Lori, Tope na Jasho la Mkulima

Wanachama wenzetu, Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ndiyo iliyozoea kubeba mazao ya Kilosa. Januari 2010 mafuriko yalipoibomoa, mizigo ikahamia barabarani, matopeni. Sisi wa Mabwerebwere twalijua tope: likikauka kwenye rejeta huziba upepo, maji huchemka, na ufuta wa watu hulala njiani. Basi kila safari iishapo, injini ipoe kwanza; waya wa betri ufunguliwe; dinamo na njia ya hewa vifunikwe; tope lilainishwe kwa maji kidogo, lisuguliwe kwa brashi; nyasi zilizonasa penye bomba la moshi zitolewe, zisiwake. Alisafishaye lori la ushirika huhifadhi jasho letu sote.