Mmomonyoko wa bahari, Kilwa Kisiwani

Mmomonyoko wa bahari, Kilwa Kisiwani, ni kuliwa kwa ufuo na kuporomoka kwa magofu katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, Mkoa wa Lindi, Tanzania. Magofu hayo mashuhuri, pamoja na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014.

Chanzo

Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20. Barafu inayoelea baharini, kama ile ya Aktiki, ikiyeyuka haipandishi maji kwa kiasi cha maana. Kinachoyapandisha ni barafu ya nchi kavu, hasa ya Greenland, Antaktika na milimani, pamoja na kutanuka kwa maji yanayopata joto. Kilwa, ongezeko hilo hukutana na maji ya bamvua na ukataji wa mikoko.

Magofu yaliyoathirika

Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya na Waomani, limepoteza sehemu ya upande wa baharini. Mawimbi yametishia pia kasri ya Makutani na msikiti wa Malindi pamoja na makaburi yake. Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman iliyojengwa karne ya 14 juu ya genge, huharibiwa zaidi na maji ya mvua. Msikiti Mkuu umesalia imara kiasi.

Hifadhi

Kuta za mawe yaliyofungwa kwa nyavu za chuma zimejengwa ufuoni na mikoko imepandwa upya. World Monuments Fund ni miongoni mwa wafadhili wa ukarabati.

Uchumi

Wakazi ni wavuvi na wakulima. Meli za kitalii hutia nanga mara chache.