Habari za Musa Nyanda za Juu Kusini

Simulizi la Waisraeli kuvuka Bahari ya Shamu lilifika Nyanda za Juu Kusini kabla kongwa la watumwa halijasahauliwa. Mwaka 1891 Wamoraviani walifungua misheni ya Rungwe, na wamisheni wa Berlin chini ya Alexander Merensky nao wakaanza kazi Unyakyusa. Ng'ambo ya mpaka wa Malawi ya leo, karibu na Karonga, mfanyabiashara Mlozi aliendelea na biashara ya watumwa hadi alipopinduliwa mwaka 1895.

Mwaka huohuo Wamoraviani waliingia Utengule, karibu na Mbeya ya leo. Hapo chifu Merere na Wasangu wake, waliofukuzwa kwao na Wahehe, walikuwa wamejenga ngome na kuteka watu wa jirani, hasa wanawake na watoto. Baadhi ya waliookoka utumwa wa nchi hizo walikuja kuishi misheni, na Elise Kootz-Kretschmer akayaandika maisha yao kama walivyoyasimulia. Mmoja wao, Narwimba, alipofiwa na mumewe alimsihi jamaa wa marehemu amwoe, maana mjane asiye na mlinzi angeweza kuuzwa wakati wowote.

Kwa wasikilizaji kama hao, kitabu cha Kutoka hakikuhitaji maelezo mengi. Mungu wa kitabu hicho husikia kilio cha watumwa wenyewe, bila kupitia kwa mfalme, na nguvu zake humwangukia yule mwenye jeshi na magari ya vita. Hilo lilikuwa jambo zito katika nchi ambayo maombi ya mvua na ya ushindi yalikuwa mikononi mwa watawala na wazee wa matambiko.

Lakini habari hiyo ilikuja pamoja na bunduki za Wajerumani. Wahehe wa Iringa, chini ya mtawala wao Mkwawa, waliwashinda Wajerumani hao huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Lakini ngome yao ya Kalenga ikaanguka mwaka 1894, na Mkwawa akafa mwaka 1898. Kwa wengi wa Iringa, Farao alikuwa na bendera ya Ujerumani. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, Wabena walioitegemea dawa ya maji kuwakinga na risasi waliishambulia misheni ya Yakobi, Njombe. Wao pia walitafuta ukombozi kwa nguvu isiyo ya kibinadamu.

Waingereza walipoiteka nchi mwaka 1916, wamisheni wa Kijerumani waliondolewa. Walimu Waafrika wakabaki na makanisa, wakifundisha habari za Musa kwa ndimi zao.