Istilahi: Kuingia kwa Uthibitisho Mmoja

Muuguzi aliye zamu haiachi kompyuta ya wodi ipoe. Anaandika shinikizo la damu, anatafuta majibu ya maabara, anahakiki kipimo cha dawa, anaangalia picha ya eksirei. Mara nyingi kila kazi kati ya hizo ina mfumo wake, na kila mfumo unadai jina na nenosiri lake. Januari 2020, Serikali ya Uingereza ilipotenga pauni milioni 40 kupunguza adha hiyo, ilieleza kwamba baadhi ya wahudumu wa afya hulazimika kuingia katika mifumo hadi 15. Ikatoa mfano wa hospitali ya watoto ya Alder Hey, Liverpool, ambako muda wa kuingia ulishuka kutoka dakika 1 na sekunde 45 hadi sekunde 10. Kwa kuwa huko watu walikuwa wakiingia karibu mara 5,000 kwa siku, ziliokolewa zaidi ya saa 130 za kazi kila siku.

Mbinu iliyoleta nafuu hiyo, iitwayo kwa Kiingereza “single sign-on”, mara nyingi hutafsiriwa “kuingia mara moja”. Tafsiri hiyo ni fupi, lakini ina utata. “Mara moja” ni bila kurudia, na pia ni papo hapo. Tena tunayo “nenosiri la mara moja”, ile namba inayotumwa kwenye simu na kufa ikishatumika. Mwongozo wa wodi ukitumia maneno hayo kwa maana zote tatu, msomaji ataelewa ipi?

Tuzitenganishe hatua zenyewe. Utambulisho ni kusema wewe ni nani: jina la mtumiaji. Uthibitishaji ni kutoa ushahidi: nenosiri unalolijua, kadi uliyo nayo, au alama ya kidole chako. Idhini ni kile unachoruhusiwa kukifanya ukishaingia. Muuguzi husoma agizo la dawa, lakini huenda asiruhusiwe kulibadilisha. Katika mbinu hii hatua ya pili ndiyo inayofanywa mara moja tu, kisha mifumo mingine huupokea ushahidi uleule. Idhini hubaki tofauti kwa kila mfumo. Kwa hiyo napendekeza “kuingia kwa uthibitisho mmoja”: ni ndefu kidogo, lakini inataja kinachopunguzwa.

Wodini, ushahidi unaofaa ni ule usiogombana na kazi. Kidole kilicho ndani ya glavu hakisomeki, na barakoa huficha sehemu ya uso. Ndiyo maana kadi ya kugusisha, pamoja na namba ya siri, imepata wapenzi.

Kutoka kwenye mfumo nako kuna kazi yake. Mwaka 2015, Ross Koppel na wenzake nchini Marekani walieleza jinsi wahudumu walivyofunika vihisi vya kompyuta kwa vikombe vya povu, ili mashine isitambue kuwa mtu ameondoka na kumtoa. Hawakuwa wakaidi, walichoka kuanza upya. Lakini kompyuta iliyoachwa wazi humwezesha mwingine kuandika kwa jina la aliyetangulia, na dozi ikikosewa, rekodi itamtaja asiyehusika.

Fasili basi iwe hivi: kuingia kwa uthibitisho mmoja ni utaratibu unaomwezesha mtumiaji kuthibitishwa mara moja na kufungua mifumo yote aliyoidhinishwa kuitumia, hadi atoke au muda wake uishe.