ARTHUR ASHE: PESA, UMAARUFU NA JINA LA MTU

Leo kwenye historia zetu tunakwenda Marekani, kwa mcheza tenisi Arthur Ashe. Najua wengi wetu tenisi tunaiona tu kwenye TV tukiwa tunasubiri taarifa ya habari. Usiondoke. Habari hii inaanza na mama mjamzito na inaishia kwa mtoto wa miaka mitano, kwa hiyo ni ya kwetu kabisa. Nimeigawa vipande, soma hata ukiwa unanyonyesha.

1. MAMA

Arthur alizaliwa Julai 10, 1943, mji wa Richmond, jimbo la Virginia. Enzi hizo huko sheria ziliwatenga weusi na weupe, shuleni, kwenye mabasi, hata kwenye viwanja vya michezo. Machi 1950 mama yake, Mattie, alifariki kwa matatizo ya ujauzito, ile hali ya presha ya mimba. Alikuwa na miaka 27 tu. Arthur alikuwa na miaka sita, na mdogo wake Johnnie alikuwa bado mdogo sana.

Nisimame hapa kidogo kama nesi. Wewe uliye mjamzito, ukiumwa kichwa kikali kisichotulia, ukiona ukungu au vimulimuli, ukivimba uso na mikono ghafla, au ukipata maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda kituoni siku hiyo hiyo upimwe presha na mkojo. Haya, tuendelee.

2. BABA

Baba yake alikuwa mlinzi na mtunzaji wa uwanja wa michezo wa watu weusi uitwao Brook Field, na nyumba yao ilikuwa humo humo ndani. Ndiyo maana mtoto akakutana na raketi mapema: viwanja vya tenisi vilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Baba alikuwa mkali. Alitaka mtoto akitoka shule afike nyumbani kwa wakati, hakuna kuzurura. Na kitu kimoja alikisisitiza kuliko vyote: mwanangu, linda jina lako. Pesa ikipotea utaitafuta tena, lakini jina likichafuka, kulisafisha ni kazi.

Baadaye Arthur alifundishwa na Dk. Robert Walter Johnson, daktari mweusi wa mji wa Lynchburg aliyekuwa akiwalea watoto weusi kimchezo. Masharti yake yalikuwa magumu. Usibishane na mwamuzi. Usirushe raketi. Mpira wa mpinzani ukidondoka nje kidogo tu ya mstari, ucheze kama umeingia. Kwa nini? Kwa sababu alijua wenye mashindano walikuwa wanatafuta kisingizio kidogo tu cha kumfukuza mtoto mweusi uwanjani. Yaani ule upole wa Ashe uliokuja kusifiwa dunia nzima haukuwa wa kuzaliwa nao tu. Alifundishwa, na ulikuwa ngao.

3. PESA

Mwaka 1968 Ashe akashinda mashindano ya wazi ya Marekani, US Open. Alikuwa luteni jeshini na bado mchezaji wa ridhaa, kwa hiyo kanuni hazikumruhusu kuchukua zawadi. Dola 14,000 za bingwa zikaenda kwa Tom Okker wa Uholanzi, yule aliyemfunga kwenye fainali! Ashe akabaki na kombe na posho ya siku. Wakati wa kukabidhiwa kombe, baba yake aliingia uwanjani, wakakumbatiana, mzee akalia.

Msidhani alikuwa mtu wa kudharau pesa. Hapana. Miaka michache baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wachezaji wa kulipwa, ATP, na mwaka 1974 akawa rais wake, akipigania wachezaji walipwe haki yao. Pesa aliitaka kama malipo ya kazi. Alichokataa ni kuiacha imwamulie yeye ni nani. Tayari mwaka 1969 alikuwa ameanzisha pamoja na wenzake mpango wa kufundisha tenisi watoto wa mijini wasio na uwezo. Mwaka 1971, akiwa Yaoundé, Kamerun, akamwona mtoto wa miaka 11 mwenye kipaji, akasaidia apelekwe Ufaransa. Mtoto huyo ni Yannick Noah, aliyekuja kuwa bingwa wa Ufaransa mwaka 1983.

4. HASIRA

Fainali ya Wimbledon, 1975. Mpinzani ni Jimmy Connors, kijana wa miaka 22, na kabla ya mechi alikuwa amemfungulia Ashe kesi ya madai mahakamani. Ashe alikuwa anakaribia miaka 32, na wengi walijua atapigwa. Akabadilisha mchezo wake: badala ya kupiga kwa nguvu, akapiga mipira laini ya polepole, maana Connors alipenda kutumia nguvu ya mwenzake. Kila mapumziko Ashe alikaa kitini na kufumba macho. Akashinda seti tatu kwa moja, mwanaume mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa pale.

Lakini mwaka huo huo, Stockholm, alicheza na Ilie Nastase wa Romania, aliyekuwa anachelewesha mchezo na kumchokoza makusudi. Ashe alikuwa anaongoza. Akafika mwisho wa uvumilivu, akafunga virago na kutoka uwanjani. Baadaye ushindi akapewa yeye, na Nastase akampelekea maua.

Napenda tukio hili kuliko kombe lenyewe. Mtu mpole naye ana hasira. Tunapomwambia mtoto "nyamaza, acha hasira", tumfundishe pia afanye nini nayo. Ashe hakumpiga mtu wala kumtukana. Aliondoka.

5. UMAARUFU

Mwaka 1979, akiwa na miaka 36, alipata shambulio la moyo, akafanyiwa upasuaji. Mwaka 1983 akafanyiwa wa pili na akaongezewa damu. Upimaji wa VVU kwenye damu ya kuongezewa ulikuwa bado, Marekani ulianza 1985. Mwaka 1988 akagundulika ana maambukizi. Mke wake, Jeanne, na binti yao, Camera, walikuwa salama.

Kwa zaidi ya miaka mitatu ndugu, marafiki na watumishi wa afya walitunza siri ile. Kisha Aprili 1992 gazeti la USA Today likamuuliza. Akaona litaandikwa, bora aseme mwenyewe. Aprili 8 akaita waandishi wa habari. Alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye sehemu ya Camera, mtoto wa miaka mitano. Sauti ikakatika. Jeanne akasogea, akaendelea kumsomea.

Nikisoma hapo huwa nafikiria madaftari ya wodini. Ugonjwa wa mtu ni wa mtu, awe bingwa au muuza mchicha. Ukimwona jirani yako kliniki fulani, salamu inatosha. Ukifika nyumbani huna cha kusimulia.

Umaarufu ule uliomnyang'anya siri, Ashe akaugeuza kuwa kazi: akaanzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI na kuuzungumzia hadharani. Hata hivyo alisema kwamba kuwa mtu mweusi Marekani kulimlemea kuliko ugonjwa ule.

6. MWISHO

Alifariki Februari 6, 1993, akiwa na miaka 49. Leo uwanja mkuu wa US Open unaitwa kwa jina lake. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka huo huo, na sura ya mwisho ni barua kwa Camera.

Mama yake hakupata nafasi ya kumwachia hata barua. Baba akamwachia neno moja, jina, naye akalibeba mpaka mwisho.

Basi leo jioni, kabla mtoto hajalala, mwambie neno moja ambalo ungependa abaki nalo. Na kama wewe ulipewa neno na mzazi wako, liandike hapo chini tulisome. Mimi naingia zamu ya usiku, nitawajibu asubuhi.