Nambari ya Mahali katika Lugha ya C

Barua iliyoandikiwa Sanduku la Posta 42, Nakuru, haimfikii mwenyewe ikitiwa katika Sanduku la Posta 42, Mombasa, ijapokuwa nambari ni ile ile. Jambo hili lajulikana na kila mtoto wa shule. Hata hivyo, waandishi wengi wa programu za tarakilishi walilisahau kwa miaka mingi, na chanzo cha usahaulifu huo chafaa kuelezwa.

Mwaka wa 1967 Martin Richards wa Cambridge, Uingereza, aliunda lugha ya BCPL. Lugha hiyo ilijua aina moja tu ya kitu, nayo ni neno la mashine. Neno hilo liliweza kuwa hesabu ya ng'ombe, au anwani ya mahali katika kumbukumbu ya mashine. Mwandishi ndiye aliyejua. Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, aliufuata mtindo huo katika lugha yake ya B. Kisha mwaka wa 1970 ikaja mashine ya PDP-11, na kufikia mwaka wa 1972 Dennis Ritchie alikuwa ameitoa lugha ya C ndani ya B. Yeye alitenga aina: nambari kamili mbali, na kielekezi, yaani anwani, mbali.

Lakini katika PDP-11 nambari kamili ilikuwa na biti 16, na kielekezi biti 16 vilevile. Kimoja kiliingia mahali pa kingine kama mguu katika kiatu chake, na programu za kwanza za kutafsiri C hazikukataza. Desturi mbaya huzaliwa hivyo, pasipo mtu kuumia.

Mfumo wa Unix ulipohamishiwa mashine ya Interdata 8/32, mwaka wa 1977 na 1978, mchanganyiko huo ulifichuka. Stephen Johnson alitunga programu ya lint ya kuchungua makosa ya namna hii, na lugha ikapata njia ya kugeuza aina waziwazi. Ila mashine za VAX zilikuwa na biti 32 kwa vyote viwili, na uvivu ukarejea! Mwaka wa 1992 ilipotolewa Alpha, kielekezi kilikuwa na biti 64 na nambari kamili ya kawaida 32. Anwani iliyotiwa humo ilikatwa nusu.

Kanuni za C za mwaka wa 1999 zilileta aina iitwayo uintptr_t, ambayo hubeba anwani na kuirudisha salama. Wengine walidhani wamepona. La, hasha! Fikiri orodha ya wanafunzi ambamo kila jina lina anwani ya jina lifuatalo. Ukiiandika faylini jinsi ilivyo na kuifungua kesho, hata katika mashine ile ile, majina yatakuwa yamekaa mahali pengine, na anwani zako ni za kijiji kilichohama. Kugeuza aina hakusaidii neno. Yapasa kila anwani iondolewe, na mahali pake paandikwe hesabu: jina la tatu, jina la nne. Msomaji wa faili ndiye atakayejenga anwani mpya.

Hata hesabu yenyewe ilikuwa na fitina yake, kwani mashine nyingine hutanguliza baiti kubwa na nyingine ndogo. Mwaka wa 1980 Danny Cohen aliwafananisha wagomvi hao na watu wa kitabu cha Jonathan Swift cha 1726, waliopigana juu ya ncha ya kuvunjia yai.

Mwaka wa 1987 kampuni ya Sun ilitangaza kanuni za XDR. Humo nambari kamili ya kawaida ni baiti nne, kubwa ikitangulia. Orodha kama ile ya wanafunzi huandikwa 1, kisha jina. 1, kisha jina. Na baada ya jina la mwisho, 0. Anwani hata moja haimo.