Kuchacha na Kuchachusha: Vyakula vya Uchachu na Afya ya Utumbo katika Afrika ya Mashariki

Katika Kiswahili neno kuchacha halina sifa njema. Wali uliolala ukaharibika husemwa umechacha, nao hutupwa. Lakini katika shina hilo hilo mna jina la chachu, kitu kinachotafutwa, kinachotunzwa na kuombwa kwa jirani. Tena mna kitenzi cha kuchachusha, yaani kutia uchachu kwa makusudi. Lugha, basi, imehifadhi tofauti ambayo elimu ya maabara ilikuja kuieleza baadaye. Uchachu unaokiingia chakula bila ya mwenyewe kutaka ni uharibifu. Uchachu unaoongozwa na mkono wa mpishi ni hifadhi. Historia ya vyakula hivi katika Afrika ya Mashariki ni historia ya tofauti hiyo, na wenye haja nayo kuliko wote ni watoto wadogo.

Ushahidi wa kale ulioandikwa umo katika masimulizi ya Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, ambaye alifika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kushuka Mombasa na Kilwa. Akiwa mgeni wa mtawala wa mji, aliletewa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake palikuwa na chombo cha ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na chombo kingine cha maziwa yaliyoganda, pamoja na malimau ya achari, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Wenyeji walikula tonge la wali, kisha wakafuatisha kitu cha uchachu. Msafiri hakuviita vitu hivyo dawa. Kwake vilikuwa sehemu ya mlo. Hata hivyo maelezo yake yathibitisha kwamba zaidi ya miaka 600 iliyopita watu wa pwani walikwisha kuuweka uchachu mahali pake katika sinia.

Kwa wafugaji wa bara uchachu haukuwa kitoweo bali ni riziki yenyewe. Ng'ombe hutoa maziwa mengi wakati wa mvua na machache wakati wa kiangazi, na katika joto maziwa mabichi hayamalizi siku. Wakalenjin wa magharibi ya Kenya huyatia katika kibuyu kilichosafishwa na kusuguliwa ndani kwa mkaa wa miti maalumu, yakakaa siku kadhaa mpaka yakawa mursik. Maziwa hayo hudumu zaidi, na mengi katika tumbo la mtu mzima huwa mepesi kuliko maziwa mabichi, kwa kuwa sehemu ya sukari yake imekwisha kuliwa na chachu.

Wakulima nao wana togwa. Uji wa mahindi, mtama au ulezi hupikwa, ukaachwa upoe hata uwe vuguvugu, kisha hutiwa unga wa kimea, yaani nafaka iliyoloweshwa ikaota na kukaushwa, na pengine togwa kidogo iliyobaki ya jana. Uji uliokuwa mzito hulegea mbele ya macho. Ukilala usiku mmoja huwa na utamu uliochanganyika na ukali. Ukiendelea kuachwa huelekea kuwa pombe, na kwa sababu hiyo mpishi hana budi kuijua saa yake. Kinywaji hiki hunywewa shambani na harusini, na hunyweshwa mtoto.

Maelezo ya sababu yalitoka mbali. Mwaka 1857 Louis Pasteur, akifanya kazi katika mji wa Lille, Ufaransa, alionyesha kwamba uchachu wa maziwa ni kazi ya viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1907 Elie Metchnikoff, mtaalamu aliyezaliwa katika dola ya Kirusi na kufanya kazi Paris, alitoa kitabu kilichodai kwamba maziwa ya mgando ya Wabulgaria huzuia uozo katika utumbo mpana na kurefusha maisha. Mwaka uliofuata alishiriki tuzo ya Nobel, lakini kwa utafiti wake juu ya kinga ya mwili, si kwa maziwa. Wachunguzi waliomfuata waliona kwamba vijidudu vya maziwa yale havifanyi maskani katika utumbo wa binadamu, na ahadi ya umri mrefu haikuthibitika. Kilichosalia ni kidogo kuliko dai lake, lakini ni imara: vijidudu vya chachu hula sukari na kutoa tindikali, na katika tindikali hiyo vijidudu vingi vya kuhara havistawi.

Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa Tanzania. Mtoto anapoanza kuachishwa ziwa huwa na tumbo dogo na haja kubwa. Uji mzito unamshinda kumeza. Uji mwepesi humjaza maji pasipo kumshibisha. Na uji uliopikwa asubuhi ukaachwa mpaka jioni hugeuka shamba la vijidudu. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ilikuwa miongoni mwa waliolichunguza tatizo hili. Mwaka 1983 wataalamu wa Tanzania na Sweden walichapisha matokeo yao juu ya unga wa kimea: kiasi kidogo tu huulegeza uji mzito, hata mtoto akaweza kunywa unga mwingi zaidi katika kikombe kile kile. Katika miaka ya 1990 vijidudu vya kuhara vilitiwa kwa makusudi katika uji wa kawaida na katika uji unaochachushwa. Katika ule wa kwanza vilizidi; katika ule wa pili vilififia. Hatimaye watoto walionyweshwa togwa kila siku walionekana kuwa na vijidudu hivyo kwa uchache kuliko wenzao walionyweshwa uji usiochachushwa. Maabara haikumfundisha bibi kutengeneza togwa. Ilimpa sababu ya kutoiacha.

Hata hivyo uchachu hausafishi kila kitu. Maziwa ya ng'ombe mgonjwa yaweza kubaki na vijidudu vya kifua kikuu hata baada ya kuganda, kwa hiyo yafaa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe chachu. Wala nafaka yenye ukungu haiponi kwa kufanywa togwa. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, sumu ya ukungu katika mahindi iliwapata watu 317, na 125 wakafa. Sumu ya namna hiyo haitegemewi kuondoka kwa moto wala kwa chachu. Dawa yake ni kukausha nafaka vema na kuitupa iliyoharibika.

Hapo maana ya maneno yale mawili yarejea. Kuchachusha ni kazi yenye masharti: nafaka njema, chombo safi, maji yaliyochemka, chachu inayojulikana na saa inayoangaliwa. Sharti moja likivunjwa, kinachobaki ni kuchacha, na anayelipa ni mtoto.